Maji ya mwani yasichukue nafasi ya samadi kwenye karanga na kunde

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumzie maji ya mwani, yaani maji yaliyolowekewa mwani wa baharini, ambayo siku hizi yananadiwa kwa wakulima wa mikunde Kanda ya Kati kuwa ni mbolea kamili ya asili. Hatuna ugomvi na mwani. Ukitengenezwa vizuri na kupuliziwa kwa wakati wake, una faida kwenye kunde, choroko, karanga na njugu mawe. Ugomvi wetu ni na ushauri kwamba mwenye chupa ya maji ya mwani anaweza kuacha samadi zizini na mbolea ya fosforasi ya TSP dukani. Ushauri huo unamtia mkulima hasara mara mbili: ananunua chupa, halafu anavuna maganda matupu.

Tuanze na hesabu. Mwani mkavu wa aina zinazolimwa pwani yetu na Zanzibar, mwembamba (spinosamu) na mnene (kotonii), kwa kawaida una naitrojeni ya asilimia 1 hivi na fosforasi chini ya nusu asilimia. Wenye wingi ni potasiamu na chumvi nyinginezo. Ekari moja ya mikunde hutosheka kwa msimu mzima na maji yaliyotokana na kilo moja na nusu ya mwani mkavu. Hata tukisema naitrojeni yote imetoka kwenye mwani ikaingia kwenye maji, jambo lisilotokea, ni gramu 15 tu, kiasi kinachopatikana kwenye urea ya gramu 33. Ekari ikitoa kilo 400 za karanga za maganda, punje zake peke yake zinaondoka na naitrojeni zaidi ya kilo 10. Hakuna chupa itakayoziba pengo hilo.

Bahati nzuri mikunde haihitaji kuzibiwa. Naitrojeni yake hutengenezwa na bakteria waliomo kwenye vinundu vya mizizi. Kunde, karanga na njugu mawe huelewana na bakteria ambao tayari wamo kwenye udongo wetu. Dengu na soya ndizo zenye masharti, hutaka bakteria wa aina yao, na mara nyingi lazima mbegu ipakwe kabla ya kupandwa. Wiki ya 5 au ya 6 baada ya kuota, chimba miche mitano kwa jembe dogo au kijiti (usivute, vinundu vitabaki ardhini), osha mizizi polepole, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kiko kazini. Cha kijani au kahawia kimechoka. Vingi vikiwa vidogo na vyeupe ndani, bakteria wamo lakini hawafanyi kazi, na kwenye mashamba yetu jambo la kwanza la kushuku ni upungufu wa fosforasi.

Fosforasi hiyo haitoki kwenye mwani. Kilo 20 za TSP kwa ekari, zikiwekwa kwenye mfereji wa kupandia na kufunikwa udongo kidogo ili mbegu isigusane nazo, zinatosha kwa mikunde mingi. Anayetumia fosfati ya mawe ya Minjingu akumbuke kwamba huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na sehemu kubwa ya Dodoma haina udongo wa namna hiyo. Aichanganye na samadi kwenye lundo miezi miwili au mitatu kabla ya msimu, asiimwage shambani ikiwa kavu akitarajia matokeo mwaka huohuo. Samadi yenyewe iwe tani 2 hadi 4 kwa ekari. Mkoa wenye mazizi mengi namna hii hauna sababu ya kuagiza rutuba kutoka baharini huku samadi inapeperushwa na upepo.

Kazi ya mwani basi ni ipi? Ndani yake mna homoni za mimea, hasa saitokinini na oksini, pamoja na betaini na madini madogomadogo. Vyote viko kwa viwango vidogo sana, lakini vinatosha kuchangamsha mizizi, kuchelewesha majani kuzeeka na kuusaidia mmea kuvumilia kiu ya muda mfupi. Huko India watafiti wamepulizia utomvu wa kotonii kwenye soya inayotegemea mvua, kwa viwango vya kati ya asilimia 2.5 na 15 ya maji ya kupulizia, na mavuno yakapanda. Walipojaribu kwenye choroko, utomvu ulipuliziwa kwenye mashamba ambayo tayari yalikuwa yamewekewa mbolea. Wauzaji wengi wa chupa huiruka sehemu hiyo ya habari.

Kwetu msimu ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, mvua hukatika. Mwani hupuliziwa kabla ya mvua kukatika, wakati mmea bado una maji mwilini. Kupulizia kunde zilizokwisha kunyauka ni kupoteza, kwa sababu vitundu vya majani vimefunga, maji yanakauka juu ya jani na chumvi inabaki kuliunguza.

Sasa utengenezaji. Nunua mwani mkavu. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa kilo moja mkavu, kwa hiyo anayesafirisha mbichi kutoka pwani hadi Dodoma, kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam, analipia nauli ya maji. Si lazima uwe mwani wa daraja la kusafirishwa nje. Uliokatika na kuokotwa ufukweni, au ule uliobadilika rangi ukakataliwa na wanunuzi, unafaa, ili mradi haujaoza na hauna mafuta ya injini. Kung'uta mchanga. Unga mweupe unaouona juu yake ni mchanganyiko wa chumvi ya potasiamu na chumvi ya kawaida. Uchovye mara mbili kwenye ndoo ya maji baridi, kila mara kwa nusu dakika ukiusugua kwa mikono, basi. Ukiuloweka saa nzima kwa nia ya kuondoa chumvi yote, potasiamu nayo inaondoka, na maji ya kuoshea hapa kwetu si ya kuchezea. Maji hayo ya kuoshea usimwagie bustani. Mwaga mbali na miti ya matunda.

Kilo moja na nusu ikatekate vipande vya urefu wa kidole, weka kwenye ndoo kubwa au dumu la plastiki lililokatwa juu, tia lita 15 za maji. Pipa la chuma lisitumike, chumvi italila. Funika kwa kitambaa na ukifunge kwa kamba. Usikaze mfuniko, kwa sababu hewa inayozalishwa itaupasua au kuufyatua. Weka kivulini, koroga kila asubuhi. Kwa joto la Dodoma wiki mbili hadi tatu zinatosha. Harufu ya bahari na uchachu ni ya kawaida. Harufu ya mayai viza maana yake hewa haifiki chini, na dawa yake ni kukoroga mara mbili kwa siku. Ikiendelea kwa juma zima licha ya kukorogwa, mimina kwenye lundo la mboji uanze upya. Chuja kwa kitambaa chepesi mara mbili. Utapata lita 11 au 12, kwa sababu mwani hubaki umevimba na maji. Tumia ndani ya mwezi mmoja.

Wengi huona wiki tatu ni nyingi, wakauchemsha. Mwani wetu ndio unaotolewa karajinani, ile gundi inayotumika viwandani kugandisha maziwa na dawa ya meno. Gundi hiyo huyeyuka kwenye maji ya moto na kuganda yanapopoa, na ya kotonii huganda zaidi kunapokuwa na potasiamu, ambayo mwani huo unayo tele. Matokeo yake supu iliyokuwa nyepesi jioni inakuwa uji mzito asubuhi, nozeli inaziba, na mkulima anaanza kuitoboa kwa sindano mpaka tundu linapanuka na matone yanakuwa makubwa kama ya mvua. Ukiloweka kwa maji baridi, madini na homoni hutoka, na sehemu kubwa ya gundi hubaki kwenye makapi.

Kipimo chetu ni lita moja ya maji ya mwani kwenye bomba la mgongoni la lita 16, na mabomba matano kwa ekari. Hiyo ni kwa kunde, choroko, mbaazi, karanga na njugu mawe. Kwa maharage punguza hadi nusu lita. Maharage ni dhaifu mno mbele ya chumvi: mavuno yake huanza kushuka chumvi ya udongo inapovuka kipimo cha desisimensi 1 kwa mita, wakati karanga huvumilia hadi 3.2 na kunde hadi 4.9. Maji ya kuchanganyia nayo yana neno. Visima vingi vya kanda hii vina maji ya chumvi au magumu. Yakikataa kutoa povu la sabuni, yaache, tumia ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Kabla ya kupulizia shamba lote, pulizia mistari miwili usubiri siku tatu. Kingo za majani zikigeuka kahawia, ongeza maji kwa nusu.

Puliza mara mbili kwa msimu. Mara ya kwanza wiki ya 3 hadi ya 4 baada ya kuota, majani yakiwa ya kutosha kupokea dawa. Mara ya pili maua yanapoanza. Kwa mbegu ya muda mfupi kama karanga ya Pendo nafasi kati ya hizo mbili ni finyu, kwa hiyo usichelewe ya kwanza. Fanya kazi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na lenga upande wa chini wa majani pia. Mvua ikinyesha ndani ya saa nne au tano, kazi imeoshwa. Zaidi ya mara tatu hatushauri. Homoni zikizidi, mmea hurefuka na kujaza majani huku maua yakipungua.

Karanga zinataka maelezo ya peke yake, maana hapo ndipo mwani unaweza kuharibu. Ua la karanga likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoingia ardhini, na ganda hukua kwenye ncha yake. Ganda hilo hunyonya kalsiamu lenyewe, moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, ndani ya sentimita 5 hadi 10 za juu. Kalsiamu iliyonyonywa na mizizi na kupanda kwenye majani hairudi chini kulilisha. Potasiamu ikiwa nyingi kwenye tabaka hilo la juu hugombania njia na kalsiamu na kuishinda. Unachimba unakuta maganda makubwa, mazuri kwa macho, ukiyabonyeza ni hewa. Au punje ipo, lakini ukiigawa mara mbili kiini chake ni cheusi, na ikipandwa haioti vizuri.

Maji ya mwani yanayopuliziwa majanini hayana potasiamu ya kutosha kuleta balaa hilo. Linaletwa na makapi, na mwani mzima unaotandazwa kwa magunia kwenye mistari ya karanga eti kuhifadhi unyevu. Kwenye udongo wa kichanga, ambao kalsiamu yake tayari ni haba, usifanye hivyo. Makapi yapeleke kwenye mtama au uwele, au kwenye shamba litakalopandwa karanga msimu unaofuata, mvua ikiwa imeshayashusha. Kwenye karanga zenyewe weka jasi, madini yenye kalsiamu: kilo 80 hadi 160 kwa ekari, imenyunyizwa juu ya mstari maua yanapoanza, bila kuchimbiwa. Jasi inachimbwa Itigi, mkoani Singida, jirani kabisa na sisi, ila inasafirishwa zaidi kwenda viwanda vya saruji kuliko mashambani. Mbegu zenye punje kubwa ndizo zinazoihitaji zaidi.

Kuloweka mbegu kwenye maji ya mwani kunawezekana kwa kunde na choroko: kijiko kikubwa kimoja kwenye lita moja na nusu ya maji, saa nne hadi sita, kisha zianikwe kivulini na kupandwa siku hiyohiyo kwenye udongo uliolowa. Udongo ukiwa mkavu zitakufa kabla ya kuota. Karanga usiziloweke, ngozi yake hutoka na punje hugawanyika. Na mbegu iliyopakwa bakteria wa dukani isikutane kabisa na maji ya mwani, kwa kuwa chumvi huwaua.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike na bahari wakati malambo yetu yana utando wa kijani bure. Utando huo ni wa aina mbili. Chomeka kijiti uinue. Ukinasa nyuzinyuzi ndefu kama nywele, hao ni mwani wa kijani wa kawaida, na unaweza kuingia kwenye mboji. Kijiti kikitoka kimepakwa kitu kama rangi ya mafuta, kwa kijani cha kung'aa au cha bluu, huo ni mwani wa bluu-kijani, na baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini la binadamu na mifugo. Kuuchemsha hakuiondoi. Sumu hiyo hudumaza miche ya maharage na inaweza kubaki ndani ya mmea. Usiuguse kwa mikono mitupu, na ng'ombe wasinywe hapo.

Wapo mwani wa bluu-kijani wenye faida, kama Anabaena na Nostoc, wanaonasa naitrojeni ya hewani. Hao wanataka maji yaliyotuama, kwa hiyo mahali pao ni majaruba ya mpunga kule Bahi. Kwenye karanga za mlimani hawana la kufanya, na mkunde una bakteria wake tayari. Spirulina, mwani mwingine wa jamii hiyo, inayoota yenyewe kwenye maziwa ya magadi kaskazini mwa nchi, hainasi naitrojeni hata kidogo, lazima ilishwe. Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Mwenye spirulina ampe mtoto kwenye uji.

Kwa mboji, sehemu moja ya mwani uliooshwa kwa sehemu kumi za samadi na mabua inatosha. Geuza kila wiki mbili, funika kwa nyasi, lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa.

Wala tusidanganyane kuhusu magonjwa. Maji ya mwani hayatibu rozeti ya karanga, ambayo ni virusi vinavyoletwa na vidukari na huzuiwa kwa kupanda mapema na kubana nafasi, sentimita 50 kwa 10. Na baada ya watu kuugua na kufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka na karanga, asiwepo wa kuyategemea maji hayo dhidi yake. Huko kinachotakiwa ni kuvuna kwa wakati na kukausha vizuri.

Tunachoomba kwa wenye mamlaka si kupiga marufuku. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, inagusa mbolea na visaidizi vya mbolea pia, na maji ya mwani mahali pake ni kwenye visaidizi. Kila chupa inayouzwa mnadani ioneshe asilimia ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kiasi cha sodiamu, aina ya mwani, tarehe ya kutengenezwa, na kiasi cha kuchanganya kwa bomba la lita 16. Maofisa ugani nao waipime chumvi kwa kile kifaa kidogo cha mkononi kabla ya kumruhusu muuzaji asimame mbele ya kikundi cha wakulima.

Na mkulima asimwamini muuzaji wala sisi. Kwenye shamba lililowekewa samadi na fosforasi sawasawa, achague mistari minne apulizie maji ya mwani, na minne jirani apulizie maji matupu, siku hiyohiyo, kwa bomba lililooshwa. Arudie sehemu tatu tofauti za shamba, maana kichuguu au kivuli cha mbuyu kinaweza kudanganya. Wakati wa kuvuna apime mita 10 za mstari wa katikati kila upande, akaushe mpaka karanga zilie ndani ya ganda, kisha apeleke kwenye mizani ya dukani. Mistari ikiwa imeachana sentimita 50, tofauti ya gramu 100 kwenye mita 10 ni kilo 80 kwa ekari. Tofauti ikiwa gramu 10, ni kilo 8, na kwa bei ya mwani na nauli yake pengine haijarudisha hata fedha ya kukodi bomba.

Wataalamu wa udongo na mazao ya mikunde,
Dodoma